Jokofu linagandisha, fomu inasema nyuzi 4: kwa nini kukiri tatizo ni kugumu, na pa kuanzia

Ndugu Mshauri,

Natunza stoo ya chanjo katika kituo cha afya. Jokofu letu lina kipimajoto karibu na mlango, na fomu ya joto inatakiwa kujazwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kwa miezi mingi fomu hiyo imeandikwa nyuzi 4 karibu kila siku. Wiki tatu zilizopita niliweka kipimajoto cha pili kwenye rafu ya chini, karibu na ukuta wa nyuma. Kilisoma sifuri, na alfajiri mbili kilishuka chini ya sifuri. Nilipowauliza wenzangu, mmoja alikubali kwamba fomu hujazwa kwa mkupuo mwisho wa wiki, kwa sababu "jibu huwa ni lilelile."

Kwenye rafu hiyo tunaweka chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B na pentavalenti, yaani chanjo moja inayokinga magonjwa matano. Watoto wamekwisha kuchomwa.

Nimemweleza mkuu wa kituo mara mbili. Mara ya kwanza alisema kipimajoto changu ndicho kibovu. Mara ya pili alisema tusubiri jokofu jipya, akamalizia: "Funika kombe mwanaharamu apite." Si mtu mbaya, ni mchapakazi na anawajali wagonjwa. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ripoti za kila mwezi zilizosema joto liko sawa zina saini yangu. Nilizisaini kwa kuiamini fomu. Nikisema, mimi ndiye nitakayeulizwa kwanza. Kwa nini watu wazima wenye elimu hushindwa kusema "tumekosea"? Na mimi nianzie wapi?

Mtunza stoo

*

Ndugu Mtunza stoo,

Swali lako la kwa nini lina jibu refu, na nitalijibu. Lakini chanjo haziwezi kungoja jibu hilo, na wiki tatu tayari ni nyingi. Kwa hiyo anza na kazi ambayo iko ndani ya mamlaka yako na haihitaji ruhusa ya mkuu: toa kila kichupa cha chanjo isiyotakiwa kuganda kilichokuwa kwenye rafu ile, kiweke katika sanduku lenye maandishi makubwa USITUMIE – INACHUNGUZWA, na ulihifadhi sanduku hilo mahali penye nyuzi 2 hadi 8. Usitupe kitu, maana hivyo vichupa ndivyo ushahidi wako. Andika aina, namba ya bechi, idadi na saa uliyovitoa.

Kisha maliza ubishi wa vipimajoto, maana huo ndio mlango ambao mkuu wako alitokea mara ya kwanza. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, mimina maji safi mpaka yajaze nafasi zilizobaki, koroga, tumbukiza vipimajoto vyote viwili bila kugusa kuta za kikombe, subiri dakika kadhaa. Kipimajoto kizima kitasoma sifuri, au kitaikaribia kwa nusu nyuzi juu au chini. Ikiwa kile cha mlangoni kitang'ang'ania 4 ndani ya barafu, umepata jibu lako. Lakini usishangae vyote viwili vikiwa sahihi. Jokofu si chumba chenye joto moja: karibu na bamba la kupoozea na kwenye ukuta wa nyuma huwa kuna baridi kali kuliko mlangoni, na tofauti ya nyuzi nne au tano inawezekana kabisa, hasa usiku ambapo mlango haufunguliwi. Hilo likithibitika, mkuu wako hana haja ya kusema kuwa mtu alidanganya kuhusu kipimajoto. Atasema tulikuwa tunapima mahali pasipofaa, na itakuwa kweli. Likumbuke hili, nitalirudia.

Hatua ya tatu ni jaribio la kutikisa. Chanjo ulizozitaja zina chumvi ya alumini, na zikiganda, chembe zake hugandamana na kuzama haraka zinapoyeyuka. Chukua kichupa kimoja cha aina ileile, mtengenezaji yuleyule na bechi ileile, kiandike IMEGANDISHWA, kiweke kwenye friza usiku kucha mpaka kiwe kigumu kabisa, halafu kiache kiyeyuke chenyewe bila kukipasha moto. Hicho ni cha kulinganishia, na kisichanganyike kamwe na vya kutumia. Kishike pamoja na kichupa unachokishuku katika mkono mmoja, tikisa kwa sekunde 10 hadi 15, weka vyote mezani mbele ya mwanga na utazame kwa muda usiozidi dakika 30. Kichupa kinachoshukiwa kikituama kwa kasi sawa na kile cha kulinganishia, au kwa kasi zaidi, kimeharibika. Kikituama polepole zaidi, hakikuathirika. Kila bechi ina jaribio lake. Kichupa ulichokikuta kimekuwa barafu hakihitaji jaribio, hicho hakifai. Wala usitegemee kile kiashirio cha mraba ndani ya duara kilichobandikwa kwenye kichupa: hicho huonyesha joto lililozidi na hakijui lolote kuhusu kuganda. Wengi huponzwa hapo. Wanaona mraba bado mweupe, wanatoa chanjo iliyokwisha kufa.

Jaribio hili lina mipaka yake. Linasema kuhusu vichupa vilivyobaki, si vilivyokwisha kutumika. Hata vikifaulu vyote, mwezi uliopita haujasafishwa.

Sasa swali lako.

Watu hudhani kukiri ni suala la ujasiri au tabia njema, kwa hiyo wanapoona mtu amenyamaza humwita mwoga au mwongo. Mimi naona ni suala la bei zaidi. Kukiri hulipwa taslimu, leo, na anayelipa ana jina. Kunyamaza hulipwa kwa mkopo, na deni mara nyingi huandikwa kwa jina la mwingine: mkuu atakayekuja, mtoto atakayepata pepopunda miaka mitano ijayo. Mkuu wako akikiri wiki hii, wiki hii hii atapigiwa simu, ataandika maelezo, ataulizwa na wazazi. Akinyamaza, huenda yasimfike kabisa. Kila Mswahili ameusikia msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na bado maradhi hufichwa kila siku, kwa sababu msemo huo unaongeza hofu ya kesho bila kupunguza bei ya leo. Kazi yako ni kuipunguza hiyo bei, yake na yako.

Bei ya kwanza iko moyoni. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari na wanafunzi waliokuwa wakitoka chumba cha kupasulia maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha ndio waliokuwa wakiwapelekea akina mama waliokuwa wakijifungua homa ya uzazi. Aliwataka wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo katika wodi hiyo vilishuka kutoka zaidi ya asilimia 10 hadi chini ya asilimia 3. Takwimu zilikuwa wazi, na bado wengi waliomzunguka walimkatalia kwa miaka. Nadharia ya vijidudu haikuwa imesimama bado, na yeye mwenyewe alichelewa kuandika matokeo yake kwa utaratibu. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Kumkubali Semmelweis kulimtaka daktari aliyejitoa maisha yake yote kuokoa akina mama aseme: mikono yangu iliwaua. Mtu anayejiona mwema hupata taabu kubwa kulipokea neno kama hilo kuliko asiyejali, kwa hiyo hutafuta kasoro kwenye kipimo. Wewe unapomwambia mkuu wako "rafu ya chini ina sifuri," yeye anasikia "umewachoma watoto dawa isiyofanya kazi." Akakimbilia kipimajoto. Wema wake unaousifu ni sehemu ya sababu.

Bei ya pili ni ya mazoea. Chombo cha anga Challenger kililipuka tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Pete za mpira kwenye maungio ya roketi za pembeni zilikuwa zimewahi kuungua katika safari za nyuma. Chombo kilirudi salama kila mara, na kila kurudi salama kukahesabiwa kuwa uthibitisho kwamba kuungua kidogo kunavumilika. Usiku wa kuamkia safari ile wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walisema baridi ni kali mno, tusiruke. Wakubwa wao walijitenga pembeni kwa mazungumzo, wakarudi na jibu tofauti. Kituoni kwenu mazoea haya yana mtego mbaya zaidi, kwa sababu chanjo iliyoganda haitoi mlipuko. Mtoto huchomwa, hulia, hurudi nyumbani mzima, na rejesta hujaa alama za vema. "Mbona hakuna aliyeugua" si hoja hata kidogo pale ambapo madhara huchukua miaka kuonekana.

Ya tatu ndiyo inayozifunga taasisi kuliko zote, nayo ni maneno yaliyokwisha kusemwa. Nchini Uingereza, shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa hesabu uitwao Horizon mwishoni mwa miaka ya 1990. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, shirika liliwashtaki mawakala waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta. Kila kesi ilisimama juu ya kauli kwamba mfumo ni imara, na kila hukumu ikafanya kauli hiyo kuwa ghali zaidi kuikanusha. Mawakala wengi waliambiwa kuwa wao peke yao ndio wenye tatizo. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani, na ni mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zenye uwezo wa kuvuruga hesabu. Angalia jinsi ilivyokwenda: mwaka wa kwanza kukiri kungegharimu marekebisho ya programu na aibu ya wiki moja. Miaka kumi baadaye kulimaanisha kukiri kuwa wasio na hatia walifungwa. Na bado yumkini hakuna siku hata moja ambapo mtu alikaa akaamua kudanganya kwa miaka ishirini. Waliamua tu, kila siku, kutokanusha ya jana.

Kwenu ripoti moja ya mwezi ni tofali. Sijui ukuta wenu umefika matofali mangapi, lakini wako bado ni mfupi kiasi cha mtu mmoja kuuruka. Ndiyo maana nasisitiza wiki hii.

Kuna pia bei ya nne, ndogo kwa maelezo lakini inaua taarifa nyingi: anayeleta tatizo hugeuzwa kuwa mwenye tatizo. "Umeliona wewe? Basi lishughulikie." Au huambiwa asilete tatizo bila suluhisho, agizo linalosikika la busara ilhali kazi yake halisi ni kuwanyamazisha wote ambao uwezo wao unaishia kwenye kuona.

Nenda sasa kwenye kuandika. Andika ukurasa mmoja, usizidi, wenye mambo manne: ninachokijua, nisichokijua, nilichokwisha kufanya, ninachoomba na kufikia saa ngapi. Tumia mfano huu:

"Tarehe … saa 12 asubuhi nilipima rafu ya chini ya jokofu na kupata nyuzi –1. Kipimajoto hicho nimekihakiki kwa maji ya barafu, kikasoma 0. Jaribio la kutikisa kwa bechi … limeonyesha kwamba chanjo imeganda. Sijui hali hii ilianza lini, wala ni dozi ngapi zilizotolewa zikiwa zimeharibika. Ripoti za miezi ya … zilizosema joto liko sawa nilizisaini mimi bila kulikagua jokofu, na hilo ni kosa langu. Nimetenga vichupa … na kusimamisha matumizi yake. Naomba kufikia kesho saa 6 mchana kituo kiwe kimeijulisha ofisi ya mpango wa chanjo, ili watuelekeze kuhusu watoto waliokwisha kuchomwa."

Sentensi ya kosa lako iko katikati, fupi, na ina mtendaji. Isiwe mwanzo, kwa sababu utaonekana unaomba msamaha na msomaji atahangaika na wewe badala ya jokofu. Isiwe mwisho, itaonekana umeificha. Na usiipambe kwa sababu. Kwamba uliiamini fomu ni kweli, lakini ukiandika hilo kabla ya kosa, umeandika utetezi. Subiri uulizwe, kisha eleza.

Chunga lugha. Kiswahili cha ofisini kimejaa vichaka vya kujifichia. "Imejitokeza changamoto katika mnyororo baridi" ni sentensi ambayo hakuna aliyefanya lolote ndani yake, na wala hakuna mtoto. Neno changamoto limebebeshwa kila mzigo, kuanzia upungufu wa kalamu hadi vifo, hata halimshtui tena anayelisoma. Viambishi vyetu navyo husaidia kuficha: chanjo *zimeharibika*, fomu *haikujazika*, kama kwamba zilijifanyia. Pitia barua yako, na kila utakapokuta kitenzi kisicho na mwenyewe, mtafute mwenyewe: tumezigandisha, hatukupima, nilisaini. Lakini fanya hivyo kwa makosa yako na ya kituo tu. Usimtaje mwenzako aliyekiri kujaza fomu kwa mkupuo. Alikwambia ukweli ulipomuuliza, na akiadhibiwa kwa hilo hutaambiwa ukweli tena na yeyote kituoni hapo.

Ukienda kwa mkuu mara hii ya tatu, nenda asubuhi, peke yako, ofisini kwake, wala si kwenye kikao. Mtu aliyekwisha kusema "funika kombe" mbele ya watu ataitetea kauli hiyo mbele yao. Beba vichupa viwili vya jaribio, vitikise mezani pake na mvitazame pamoja kimya. Mara mbili zilizopita ulimpelekea maneno, na maneno yalimpa nafasi ya kubishana nawe. Kisha mpe karatasi. Akimaliza kusoma, muulize: "Tukilitoa leo, ni nini hasa unachokihofia?" Na usijibu mpaka amalize. Huenda ni hasira ya wazazi. Huenda ni ukaguzi, au aliahidi jambo kwa aliye juu yake. Kila hofu ina jibu lake, ila huwezi kuijibu usiyoisikia. Na hapa ndipo ile habari ya vipimajoto viwili inapofaa: mpe njia ya heshima iliyo ya kweli. Kituo chake kimegundua chenyewe, kabla ya mkaguzi, kwamba kilikuwa kinapima mahali pasipofaa, na kimetenga chanjo siku hiyohiyo. Jitolee kuandika rasimu ya taarifa ili yeye asome na kusaini. Wakuu wengi hukwama kwa sababu hawajui sentensi ya kwanza iandikwe vipi.

Lakini usimpe njia ya uongo. Akikuomba ubadilishe tarehe, au useme jokofu liliharibika jana, kataa hapohapo kwa upole na bila mjadala. Ufa huo ukiuruhusu, barua yako yote imekuwa tofali jingine.

Na akikataa kabisa? Muda uliouandika ukifika, peleka karatasi ileile, bila kuongeza neno la kumshtaki, kwa msimamizi wa chanjo wa ngazi ya juu yenu, na umpe mkuu nakala siku hiyohiyo. Mwambie mapema kwamba utafanya hivyo. Usimtishe, mwarifu tu asije akashtukizwa. Baki na nakala yako ya karatasi, picha za vipimajoto zenye tarehe, na orodha ya bechi. Sitakuficha kwamba unaweza kuumia. Anayesema mapema wakati mwingine huumia. Lakini karatasi yenye saini yako, iliyotaja kosa lako kabla hujaulizwa, ni kinga bora kuliko ripoti zenye saini yako zikikutwa na mtu mwingine.

Suala la watoto waliokwisha kuchomwa si lako kuliamua, wala la mkuu. Wataalamu wa mpango wa chanjo ndio watakaosema nani aitwe arudie. Kazi yako ni kuwapa orodha isiyo na mapengo: bechi gani, ilitoka stoo lini, ilienda kliniki ya siku gani, dozi ngapi. Itoe kwenye leja kwa kurudi nyuma hadi tarehe ya mwisho ambayo una uhakika joto lilikuwa salama. Usianzie siku uliyogundua, hilo ni kosa ambalo wengi hufanya. Wazazi watakapoelezwa, waambiwe kwanza wanachotaka kujua: hofu kubwa kuhusu chanjo iliyoganda ni kwamba haimkingi mtoto, na dawa yake ni kuchanjwa upya pale itakapoelekezwa. Asije mtu akawaahidi "haitatokea tena." Waambiwe nini kimebadilishwa na lini watapewa taarifa nyingine, na tarehe hiyo ikifika wapewe, hata kama hakuna jipya. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilianza mwaka 2001 utaratibu wa kuwaeleza wagonjwa wazi makosa yaliyotendeka na kutoa fidia panapostahili bila kungoja kushtakiwa. Wengi waliogopa kesi zingefurika. Zilipungua.

Limebaki jambo la wenzako na ile fomu, na hapa ndipo mabadiliko ya kudumu yanapokaa. Kwa nini waliandika 4? Kwa sababu 4 haiulizwi. Anayeandika 1 ataitwa, ataulizwa alifanya nini, ataambiwa arekebishe kidhibiti cha jokofu ambacho hajafundishwa kukigusa. Fomu yenyewe ilikuwa inawafundisha kunyamaza. Kampuni ya magari ya Ford ilikuwa na ugonjwa huohuo: mwaka 2006, mkuu wake mpya Alan Mulally aliwataka viongozi waripoti kila wiki kwa rangi, kijani kwa mambo yanayokwenda vizuri na nyekundu kwa yaliyokwama. Kampuni ilikuwa inapoteza mabilioni ya dola, na kurasa zote zilikuja kijani. Hatimaye kiongozi mmoja, Mark Fields, akaleta nyekundu kuhusu gari lililokuwa linakaribia kutoka kiwandani. Chumba kilinyamaza, wakidhani kazi yake imekwisha. Mulally alipiga makofi, akauliza nani anaweza kumsaidia. Haikuchukua wiki nyingi kabla kurasa za wengine nazo kuanza kuwa na rangi nyingine. Wote walikuwa wamengoja kuona yule wa kwanza atafanywa nini.

Kwa hiyo pendekeza mambo matatu kwa mkuu. Fomu iongezewe safu ya "hatua iliyochukuliwa," ili namba mbaya iwe na pa kwenda. Kando ya jokofu pabandikwe karatasi inayosema nini kifanyike joto likiwa chini ya 2 na nani apigiwe simu, kwa namba na cheo. Na itangazwe kwamba kwa siku 14 yeyote atakayeeleza jinsi fomu zilivyokuwa zinajazwa hataadhibiwa kwa yaliyopita. Msamaha huu uwe na mpaka: kusahau na kufuata mazoea ya kituo vimo, kuuza chanjo au kuendelea kughushi baada ya tangazo havimo. Usafiri wa anga ulilijifunza hili zamani. Nchini Marekani mamlaka ya usafiri wa anga ilipoanzisha mpango wa kuripoti makosa mwaka 1975, marubani walisita kumwandikia yuleyule mwenye rungu la kuwafungia leseni. Mwaka uliofuata mpango ukakabidhiwa shirika la anga la NASA lisilo na mamlaka ya kuadhibu. Majina huondolewa, na anayeripoti kosa lisilo la makusudi ndani ya siku 10 huweza kuepushwa adhabu, mradi si jinai wala ajali. Hadi leo marubani huandika.

Usikubali, hata hivyo, wazo la kuweka lengo la idadi ya makosa ya kuripotiwa kwa mwezi. Litaonekana zuri kikaoni, na baada ya wiki sita mtakuwa na makosa ya kutungwa kama zile nyuzi 4.

Kile kipimajoto cha pili kisiondoke. Kikae pale rafu ya chini, na mkiweza kupata kirekodi joto cha siku 30 kinachopiga kengele joto likishuka hadi nyuzi –0.5 kwa dakika 60, kiwekwe hapohapo kwenye baridi kali zaidi. Chanjo zinazoogopa kuganda zihamie mahali ambapo kipimajoto kimeonyesha nyuzi 2 hadi 8, mbali na bamba la kupoozea na ukuta wa nyuma.

Na kesho saa 2 asubuhi, usomaji wa kwanza ufanye wewe mbele ya yule mwenzako. Soma namba kwa sauti jinsi ilivyo, yeye aandike, nyote wawili muweke saini.